Mvumo wa Gitaa la Besi na Lugha ya Fundi: Mfano wa Kalemie

1.0 Utangulizi

Mtu yeyote aliyewahi kumiliki gitaa la besi la zamani, yaani lile la umeme lililotengenezwa katika miaka ya 1950, 1960 au 1970, anaijua vyema sauti moja ambayo hakuinunua. Mara tu waya unapochomekwa katika kikuza sauti, na kabla kidole hakijagusa uzi, spika huanza kuvuma. Mvumo huo ni mzito, ni wa noti moja, wala haukomi. Wenye magitaa ya namna hii hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza huuvumilia mvumo na kuupigia muziki juu yake. Wa pili humwita fundi, na mara nyingi fundi hung'oa viungo vya asili na kutia vipya. Hapo mvumo hupungua, lakini sauti iliyofanya gitaa lile lipendwe nayo huondoka.

Makala haya yana nia mbili. Nia ya kwanza ni kueleza kwa Kiswahili chanzo cha mvumo huo, namna ya kuupima, na marekebisho ambayo mwenye gitaa anaweza kuyafanya bila kuliharibu. Nia ya pili inahusu lugha yenyewe. Tutajaribu kuonyesha kwamba baadhi ya makosa ya fundi, yakiwemo yale yanayoweza kuua, hutokana na neno moja kubebeshwa maana mbili.

Tumeuchagua mji wa Kalemie kuwa mfano kwa sababu hapo suala hili la lugha linaonekana waziwazi. Kalemie, ambao zamani za Wabelgiji uliitwa Albertville, umo kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani. Reli kutoka Kabalo iliufikia mwaka 1915, na tangu hapo mji umekuwa kiungo kati ya njia mbili: ile ya reli iendayo bara hadi Katanga, na ile ya maji ivukayo hadi Kigoma na kuendelea kwa reli hadi Dar es Salaam. Tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika. Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, ndicho lugha ya soko, ya kanisa na ya karakana. Kifaransa ni lugha ya shule na ya vitabu vya ufundi. Kwa hiyo fundi wa umeme wa Kalemie hufikiri kwa Kiswahili, akataja vipuri kwa Kifaransa, na mara nyingi chombo anachokifungua kimeandikwa Kiingereza. Gitaa la besi ni chombo kidogo, lakini lugha zote tatu hukutana ndani yake.

2.0 Besi katika muziki wa pande hizi

Kabla ya kuingia katika ufundi, inafaa kukumbuka kwa ufupi kwa nini besi inathaminiwa. Katika mtindo wa gitaa kavu uliostawi Katanga, kazi ya besi ilifanywa na kidole gumba. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, alipiga nyuzi nene kwa gumba huku kidole cha shahada kikicheza nyuzi nyembamba, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili.

Bendi zilipokua na magitaa ya umeme yakaongezeka, gumba halikutosha tena. Gitaa la besi la umeme lilikuwa limekwisha kuingia sokoni: kampuni ya Fender ya California ilitoa aina yake ya Precision mwaka 1951, na ile ya Jazz mwaka 1960. Viwanda vya Ulaya na Japani navyo vilitengeneza mengi, yenye bei nafuu zaidi. Katika rumba ya Kongo besi ilipata kazi ya pekee. Huacha nafasi, huingia pale ngoma inapotoka, na ndiyo inayomwambia mchezaji aweke wapi mguu. Wanamuziki wa Kongo waliohamia Afrika Mashariki waliueneza mtindo huo: Orchestra Maquis du Zaïre mjini Dar es Salaam na Super Mazembe mjini Nairobi katika miaka ya 1970, na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy.

Magitaa ya enzi hizo yana sababu ya kutunzwa. Sauti yake ni nene na yenye joto, na mti wake umekauka vizuri. Zaidi ya hayo, katika mji ambako gitaa jipya huja kwa safari ndefu na kwa fedha nyingi, lile la zamani mara nyingi ndilo pekee lililopo, na huenda likahudumia bendi usiku wa Jumamosi na kwaya asubuhi ya Jumapili. Kuliharibu ni kuwanyima watu wengi muziki.

3.0 Gitaa linavyotoa sauti

Chini ya nyuzi za gitaa la besi kuna kifaa tutakachokiita kinasa. Kinasa ni sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, wenye unene wa takriban milimita 0.06, mara elfu kadhaa. Waya huo uliozungushwa ndio koili. Uzi wa gitaa ni wa chuma. Unapotetemeka ndani ya uga wa sumaku huutikisa uga huo, na mtikisiko huo huzaa umeme mdogo sana ndani ya koili. Umeme huo hupita katika potensiometa, yaani kile kitufe cha kuzungusha kinachopandisha na kushusha sauti, kisha hufuata waya hadi katika kikuza sauti, ambako hukuzwa hadi uweze kuisukuma spika.

Msomaji atazame jambo moja muhimu hapa. Koili haijui kuchagua. Kazi yake ni kugeuza kila badiliko la uga wa sumaku kuwa umeme, na badiliko likitoka katika uzi au katika transfoma iliyo ukutani, kwake ni mamoja. Nyumba yenye umeme imejaa nyuga za namna hiyo, kwa sababu umeme wa majumbani hugeuka mwelekeo kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Gitaa kuukuu lenye koili moja hunasa vyote viwili, muziki na nyumba.

Watengenezaji walilitambua tatizo hili mapema. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliomba hataza mwaka 1955, akapewa mwaka 1959, kwa kinasa chenye koili mbili. Koili hizo huzungushwa kwa mielekeo iliyo kinyume, na sumaku zake nazo huwekwa kinyume. Umeme unaotokana na uzi hujumlishana, ilhali ule unaotokana na nyumba hutoana. Fender nao, mwaka 1957, waliigawa koili ya Precision vipande viwili kwa kanuni hiyohiyo. Katika gitaa la aina ya Jazz vinasa ni viwili vilivyo kinyume: vikifunguliwa sawasawa mvumo hupungua sana, na kimoja kikipunguzwa mvumo hurudi. Mwenye gitaa la aina hiyo asidhani limeharibika, ndivyo lilivyoundwa.

4.0 Majina ya kelele

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya sauti, na utajiri huo ni nyenzo ya kazi kwa fundi. Neno kelele peke yake halimsaidii, kwa kuwa linakusanya mambo yenye vyanzo mbalimbali. Tunapendekeza kelele za gitaa la besi zitenganishwe angalau mara nne.

Kwanza ni mvumo, yaani sauti nzito ya noti moja isiyobadilika. Pili ni mng'ong'o, sauti kali zaidi kama ya nzi au nyuki, ambayo mara nyingi hutoka katika taa za mirija, vifaa vya kupunguzia mwanga, au vigeuza umeme vya bei rahisi vinavyotumiwa pamoja na betri na paneli za jua. Tatu ni mkwaruzo, ile sauti ya kuchakachika inayotokea kitufe kinapozungushwa au waya unapotikiswa. Hiyo hutokana na vumbi, kutu au lehemu iliyoachia. Nne ni mgongo wa uzi juu ya vyuma, yaani uzi kugonga vile vyuma vilivyokingama shingoni kama mataruma ya reli. Hii ya nne haina uhusiano wowote na umeme, na husikika hata gitaa likiwa halikuchomekwa.

Mvumo wenyewe una noti yake, na hapa sikio la mwanamuziki humsaidia fundi kuliko kipimo. Nyuzi nne za besi, kuanzia nene, ni mi, la, re na sol. Uzi wa mi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ukibonyezwa penye chuma cha tatu hutoa sol ya chini, ambayo ni mitetemo 49 kwa sekunde. Umeme wa nyumba katika Kongo, Tanzania na Kenya ni mitetemo 50. Maana yake ni kwamba mvumo wa gitaa Kalemie ni sol iliyopanda kidogo, kwa kiasi cha theluthi moja hivi ya nusutoni. Ndiyo sababu wimbo ulio katika ufunguo wa sol husikika kama umeingiliwa na mwimbaji asiyeshika noti vizuri, ilhali katika funguo nyingine mvumo huonekana kuwa nje kabisa. Gitaa hilohilo likipelekwa Marekani, ambako umeme ni mitetemo 60, litavuma kati ya si bemoli na si.

Kuna ziada yenye manufaa. Kikuza sauti ambacho kapasita zake za kuchujia umeme zimezeeka huvuma kwa mitetemo 100 badala ya 50. Mitetemo 100 ni karibu sana na uzi wa sol ukiwa wazi, ambao ni 98. Kwa hiyo mpigaji akiusikiliza mvumo na kuulinganisha na gitaa lake, anaweza kubashiri ugonjwa ulipo: ukifanana na sol ya chini, ya chuma cha tatu katika uzi wa mi, atazame kinasa na nyaya, ukifanana na sol ya uzi wazi, atazame kikuza sauti kwanza.

Vilevile mvumo hueleza habari za umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Kalemie umetegemea umeme wa maporomoko kutoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, kaskazini mwa mji. Nao unapokatika, jenereta huwashwa. Jenereta ndogo ya kawaida hutoa mitetemo 50 injini yake inapozunguka mara 3,000 kwa dakika. Ikilemewa na kushuka hadi mizunguko 2,940, mvumo hushuka hadi 49, ikawa sol kamili. Mpigaji wa besi aliye makini husikia jenereta ikichoka kabla taa hazijafifia.

5.0 Kupima kabla ya kufungua

Fundi mwema hupima kabla ya kushika bisibisi. Hatua zifuatazo hazihitaji chombo chochote ila sikio na subira.

Hatua ya kwanza: chomoa waya wa gitaa katika kikuza sauti na ukiache kikuza kikiwa wazi. Mvumo ukibaki, gitaa halina kosa. Hatua ya pili: chomeka gitaa, kisha ushushe kitufe cha sauti hadi mwisho. Mvumo ukibaki, shaka iko katika waya wa kuunganishia au katika tundu la kuchomekea. Hatua ya tatu: fungua sauti, kisha gusa nyuzi kwa mkono mzima. Mvumo ukipungua, sehemu yake kubwa ni uga wa umeme, ambao mwili wa mpigaji huunasa kama antena. Kinga ya ndani ya gitaa itasaidia. Hatua ya nne: bila kuhama, jigeuze pamoja na gitaa polepole kama mtu anayetafuta kibla. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, huo ni uga wa sumaku, na chanzo chake ni transfoma, mota au kikuza chenyewe. Kinga haitauzuia, umbali na mwelekeo ndivyo vitakavyousaidia.

Hatua hii ya nne huokoa magitaa mengi. Mara nyingi mpigaji hukaa karibu sana na kikuza sauti kwa sababu waya wake ni mfupi. Akiongezewa mita tatu za waya na kusogea kando, hupata alichotaka kumlipa fundi akifanye kwa kubadilisha kinasa.

6.0 Marekebisho na mipaka yake

Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba marekebisho yaanze na yale yanayoweza kurudishwa nyuma. Kabla ya yote, fundi achore ramani ya nyaya kama alivyozikuta, na kila kipuri kinachotolewa kifungwe katika bahasha na kukaa pamoja na gitaa.

Marekebisho ya kwanza ni kusafisha potensiometa na kulehemu upya viungo vilivyoachia. Hayo peke yake huondoa mkwaruzo karibu wote. Ya pili ni kinga. Tundu lililochimbwa ndani ya mti, ambamo kinasa na potensiometa hukaa, huvishwa ngozi ya shaba nyembamba pande zote, na ngozi hiyo huunganishwa na waya wa kurudishia umeme. Asiyepata shaba anaweza kutumia karatasi ya aluminiamu, lakini akumbuke kwamba aluminiamu haishiki lehemu ya kawaida. Itabidi iunganishwe kwa skrubu. Pia ngozi hiyo isiguse mahali popote waya unaobeba sauti, la sivyo gitaa litanyamaza kabisa.

Ya tatu inahusu koili iliyokatika. Katika mji ulio kando ya ziwa, unyevu wa hewa pamoja na jasho la mikono hula waya mwembamba polepole, na magitaa yaliyohifadhiwa karibu na sakafu huathirika zaidi. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika makazi mwaka 2024, vyombo vya muziki havikuwa na kinga kuliko vitu vingine vya nyumbani. Koili nzima ya gitaa la aina ya Jazz hupimwa kuwa na ukinzani wa omu 7,000 hadi 8,000 hivi. Kipimo kisipoonyesha kitu, waya umekatika. Hata hivyo isitupwe. Mara nyingi mkato uko mwanzoni au mwishoni mwa waya, mahali panapofikika. Ikibidi kuzungushwa upya, sumaku za asili zibakizwe, idadi ya mizunguko ihesabiwe, na mwelekeo wa kuzungusha uandikwe. Mwelekeo ukikosewa katika gitaa lenye vinasa viwili, sauti ya besi hukonda vinasa vyote vinapofunguliwa.

Ya nne ni nta. Koili iliyolegea hupiga ukelele sauti inapopandishwa, kwa kuwa nyaya zenyewe hutikisika. Dawa yake ni kuichovya koili katika nta iliyoyeyushwa ya mishumaa, iliyochanganywa na nta kidogo ya nyuki, kwa kipimo cha nne kwa moja. Nta iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa katika maji ya moto, isikae kamwe juu ya moto wenyewe, wala isizidi joto la sentigredi 65 hivi, kwa sababu nta ikipata moto sana huwaka na plastiki ya koili hupinda.

Hapa inatupasa kusimama kwa ajili ya lugha. Maelekezo ya Kifaransa huiita nta hiyo paraffine. Lakini kwa Waswahili wa Kenya parafini ni mafuta ya taa, yale yanayotiwa katika jiko na kandili. Mtu aliyejifunza neno upande mmoja wa ziwa na kulitumia upande mwingine anaweza kuweka jikoni sufuria ya mafuta ya taa. Neno nta ya mishumaa ni refu kidogo, lakini halimchomi mtu.

Ya tano, na ya mwisho, ni kubadilisha kinasa kwa kile chenye koili mbili. Tendo hili ni halali na lina manufaa pale ambapo gitaa hupigwa chini ya taa nyingi na karibu na jenereta. Tunashauri tu kwamba kichaguliwe kinasa kinachoingia katika tundu lililopo, ili mti usichongwe. Tundu likishapanuliwa, gitaa halirudi tena kuwa lilivyokuwa, na thamani yake kwa anayelitafuta kwa uasili wake hushuka.

7.0 Ardhi mbili

Tumefika kwenye jambo zito kuliko yote. Katika karibu kila gitaa la umeme kuna waya unaounganisha daraja, na kwa hiyo nyuzi zote, na upande wa kurudishia umeme. Waya huo ndio unaofanya mvumo upungue mpigaji anaposhika nyuzi. Upande huo wa kurudishia huishia katika sanduku la chuma la kikuza sauti. Sanduku hilo nalo linapaswa kuunganishwa, kwa mguu wa tatu wa plagi, na nondo iliyozikwa udongoni nje ya nyumba.

Kifaransa kina maneno mawili kwa mambo haya mawili: masse kwa upande wa kurudishia ndani ya chombo, na terre kwa nondo iliyo udongoni. Kiswahili cha mafundi wengi, kikifuata Kiingereza, huviita vyote ardhi. Madhara yake si ya nadharia tu. Fundi akiambiwa kwamba mvumo unatokana na ardhi, anaweza kuelewa kwamba akate mguu wa tatu wa plagi. Akiukata, huenda mvumo ukapungua kweli, kwa sababu vyombo viwili vilivyounganishwa udongoni kwa njia mbili wakati mwingine huvumishana. Lakini kuanzia hapo sanduku la chuma, nyuzi na mikono ya mpigaji vyote havina tena njia salama ya udongoni. Siku insuleta ya transfoma itakapochoka na waya wa fezi kugusa sanduku, volti 220 zitakaa katika nyuzi zikingoja. Vikuza sauti vya zamani vya valvu huzidisha hatari, kwa kuwa baadhi yake vina kapasita iliyounganishwa kati ya waya wa umeme wa nyumba na sanduku. Kapasita hiyo ikiharibika, sanduku huwa fezi moja kwa moja.

Mpigaji anaweza asihisi chochote hadi midomo yake iguse mikrofoni iliyounganishwa na udongo kupitia chombo kingine. Hapo umeme hupata njia, kutoka mikononi hadi mdomoni, kifua kikiwa katikati. Mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, mwezi Mei 1972, alipogusa mikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa na udongo ipasavyo.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili zitumike bila kuchanganywa. Upande wa kurudishia ndani ya chombo uitwe masi, kama ambavyo sikio la Mkongo limekwisha kuzoea kutokana na Kifaransa. Neno ardhi libakie kwa nondo iliyo udongoni peke yake. Hapo kanuni mbili huweza kusemwa kwa sentensi fupi ambazo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza atazishika: masi ya gitaa hutengenezwa, ardhi ya nyumba haikatwi. Palipo na plagi ya miguu miwili, ardhi haipo, na inapaswa kutiwa kabla ya mtu kuimba huku ameshika gitaa. Kabla ya onyesho, kipimo cha volti kiwekwe kati ya nyuzi na mikrofoni. Kikionyesha volti nyingi, asiguse mtu. Aidha, kikata umeme cha miliampea 30, kikifungwa kwenye waya unaolisha jukwaa, hukata umeme kabla moyo haujasimama.

Neno la Kifaransa micro nalo lina utata wa namna hiyo, kwani huitwa hivyo kinasa cha gitaa na mikrofoni ya mwimbaji pia. Kutokana na maelezo yaliyotangulia, ni dhahiri kwamba vitu hivyo viwili ndivyo vinavyomweka mpigaji katikati. Ndiyo sababu katika makala haya tumetumia kinasa kwa cha kwanza, na mikrofoni kwa cha pili.

8.0 Je, kelele yote iondolewe?

Huenda msomaji akadhani kwamba gitaa bora ni lile lisilo na kelele hata chembe. Muziki wa Kongo hautuungi mkono moja kwa moja. Watengenezaji wa likembe katika sehemu nyingi za nchi hufunga vipete vya chuma katika vijiti vyake ili kila noti iambatane na mchachariko, na likembe isiyochacharika huonekana kuwa pungufu. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa, lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi katika miaka ya 1960, liliunda vinasa vya likembe kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri vya magari, na ukali wa sauti uliotokana na ufundi huo ukawa ndio alama yake ulimwenguni baada ya albamu ya Congotronics ya mwaka 2004.

Tofauti iko katika utii. Mchachariko wa likembe huja pamoja na noti na kuondoka pamoja nayo. Ni sehemu ya sauti aliyoikusudia mpigaji. Mvumo wa nyumba haumtii mtu. Hukaa kwenye sol yake hata wimbo ukiwa katika la, na hujaza ule ukimya ambao besi ya rumba inauhitaji ili mguu ujue pa kukanyaga. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye gitaa kabla ya kulifungua si kelele ni kiasi gani, bali ni ipi anayoitaka. Wapo wapigaji wanaopenda ukali wa koili moja na kukubali mvumo kidogo kuwa gharama yake. Fundi anapaswa kuuheshimu uchaguzi huo, mradi ardhi ya nyumba iwe salama.

9.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba mvumo wa gitaa kuukuu la besi hutokana na koili kunasa nyuga za umeme wa nyumba, kwamba noti yake humjulisha mpigaji chanzo chake, na kwamba sehemu yake kubwa inaweza kupunguzwa kwa umbali, kinga, lehemu na nta kabla ya kufikiria kubadilisha kinasa. Tumeonyesha pia kwamba maneno matatu, yaani ardhi, parafini na mikro, yana utata unaoweza kumgharimu mtu gitaa lake, au hata maisha yake.

Kazi ya kusanifu istilahi za sayansi imefanywa kwa bidii upande wa mashariki wa ziwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ni ushahidi mmojawapo. Inafaa sasa istilahi hizo zipimwe katika karakana za upande wa magharibi, ambako Kiswahili kinaishi pamoja na Kifaransa, na mafundi waulizwe wao wenyewe wanasemaje. Pale ambapo neno lao linatenganisha mambo ambayo neno letu linayachanganya, kama lilivyo masi, itakuwa busara kulipokea.